Mchora Seli wa Mbotela na Kifuniko cha Supu

Saa kumi alfajiri, kifuniko cha sufuria kinaponyoka mkononi na kuanguka kwenye sakafu ya saruji. Kinazunguka kwa ukingo wake, kikilia, mpaka kiganja kinapokilaza na kukinyamazisha.

Upande wa pili wa ukuta mtu anagonga kwa kidole mara mbili. Ni Triza, jirani. Halalamiki.

"Anauliza kama kimeniangukia mguuni," asema Celine Aloo, kisha anagonga mara moja kujibu kwamba hakikumwangukia.

Celine ana miaka hamsini na saba, na anaishi katika chumba kimoja mtaani Mbotela, Nairobi. Amepiga magoti juu ya gunia jeupe la nailoni lililokuwa la sukari. Amelipasua ubavuni, akalifua, akalipaka rangi nyeupe ya maji mara mbili ili matundu yafunge, na sasa limetandazwa kutoka mlangoni hadi kwenye mguu wa kitanda. Anakiweka kifuniko katikati, anakikandamiza kwa goti, na kukizungushia penseli.

Kifuniko hicho si chake. Ni cha Phares, muuza supu wa Soko la Burma, na ndicho duara kubwa kuliko yote ambayo Celine amewahi kuazima. Vifuniko vyake mwenyewe ni saba, vinaingiana kama familia iliyolala kitanda kimoja, lakini hata kile kikubwa hakitoshi kwa kazi hii.

"Kila jioni Phares ananipa, kila asubuhi namrudishia," asema. "Lazima kifike kabla supu haijatokota. Supu bila kifuniko ni maji ya kuoshea mifupa. Hayo ni maneno yake, si yangu."

Duara hilo likishapakwa rangi litakuwa seli. Seli ni kile chumba kidogo kabisa ambacho mwili wa kila kiumbe umejengwa kwacho, kidogo hivi kwamba jicho halikioni bila hadubini. Celine anachora seli inavyogawanyika na kuwa mbili. Picha ni tano, kila moja kwenye gunia lake, na zote ni za kupamba ukuta wa chumba cha kusubiri katika kliniki moja ya mtaa wa Pipeline.

Ni mara ya pili anazichora. Zile za kwanza zilitundikwa siku mbili tu, kisha zikashushwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja, Celine amekuwa akichora chati za magunia za shule za chekechea. Waliosoma katika mitaa ya Jogoo Road huenda walijifunza kuhesabu kwa mkono wake bila kumjua. Chati ya kwanza ina kikombe kimoja. Ya pili ina mipira miwili. Ya tatu ina samaki watatu, na kadhalika mpaka kumi.

Alijifunza kazi hiyo akiwa mfagiaji wa shule moja ya kanisa. Mwalimu aliyekuwa akichora alivunjika mkono, mtihani ukiwa karibu. Celine akaombwa ashike brashi wiki moja, naye hakuirudisha.

"Yule mwalimu alikaa kando yangu na mkono wake kwenye bandeji, ananiambia, 'Taratibu, mama, samaki hatoroki,'" akumbuka. "Hakuniambia hata siku moja kwamba nachora vibaya. Na nilikuwa nachora vibaya sana."

Kulikuwa na miaka ambayo Januari ilimletea shule arobaini. Kila gunia lilimpa shilingi elfu moja na mia tano, na kwa magunia hayo alimsomesha binti yake, Lorraine, ambaye sasa ni mwalimu huko Bungoma. Kisha zikaja chati za kuchapishwa kwenye plastiki, za bei nafuu, zenye rangi zinazong'aa. Januari iliyopita alipata shule sita.

Kaka yake alimpigia simu kutoka nyumbani kwao, Yala. Alimwambia kuna nyumba ya vyumba viwili imekaa bure, na kuku wanahitaji mtu.

"Si ubaya," asema Celine. "Kaka yangu ananipenda. Lakini mimi si mtu wa kuku. Mimi nina mkono huu, na mkono huu umezoea hapa."

Alikuwa ameanza kukusanya masanduku ya kuhamia mwezi wa pili, Lydiah Wacuka alipomtafuta.

Lydiah ni mtaalamu wa maabara katika kliniki hiyo ya Pipeline, ingawa wagonjwa wote humwita daktari. Alikuwa akipita karibu na chekechea moja, akaona magunia yamening'inia dirishani, akaingia kuuliza yalichorwa na nani. Kwake, kuta za chumba cha kusubiri zilikuwa na tangazo moja tu, la kukataza watu kutema mate.

"Watu wanakaa pale saa mbili, saa tatu, wakingoja majibu," asema Lydiah. "Wanaangalia viatu vyao. Mimi ndani naangalia vitu vizuri ajabu kwenye hadubini, wao nje wanaangalia viatu. Nikaona si haki."

Akampa Celine picha ndogo kwenye simu, akamweleza kwamba seli hupitia hatua tano, na kwamba ndani yake mna nyuzi zinazobeba urithi wa mtu, zinazoitwa kromosomu. Bei ikawa shilingi elfu sita kwa kila gunia. Mwenye kliniki, Gichuru, alikubali kwa shingo upande. Yeye alitaka picha za maua.

Celine alichora wiki tatu. Kosa alilolifanya halikutokana na uvivu. Lilitokana na miaka thelathini na mmoja.

Katika gunia la kwanza alichora uzi mmoja. La pili, nyuzi mbili. La tatu, tatu. La nne, nne. La tano, lenye seli mbili changa, alichora nyuzi tano: tatu huku, mbili kule.

"Picha ya simu ilikuwa ndogo, nyuzi zimesongamana kama tambi," asema, akicheka huku akifunika mdomo. "Nikajiambia, Celine, hatua ni tano, unajua mwenyewe chati zinavyokwenda. Moja, mbili, tatu. Sikuuliza. Ungeuliza nini kitu unachokijua?"

Zilipotundikwa, Lydiah alikuwa likizoni, amempeleka mamake hospitali Nyeri. Gichuru alizitazama akasema zina rangi nzuri. Hakuna aliyeona kasoro, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kupimwa sukari.

Mzee huyo ni Jackton Nalianya, miaka sabini na minane. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na minne, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mabehewa. Treni ikiingia anahesabu. Ikikatwa vipande viwili, anahesabu kila kipande. Jumla isipolingana, treni haiondoki.

Siku hiyo alikaa benchi saa mbili. Alipomaliza kuhesabu watu, akahesabu vigae vya sakafu. Alipomaliza vigae, akatazama ukuta.

"Nikamuuliza yule msichana wa mapokezi," asema mzee Jackton. "Nikamwambia, binti, hapa mwanzo kulikuwa na moja. Mwisho ni tano, huku tatu, kule mbili. Hizi nne zimepandia wapi? Mabehewa hayazaliwi njiani."

Msichana alicheka, akamwambia Gichuru. Gichuru hakucheka. Alimpigia Lydiah huko Nyeri, na Lydiah akaomba atumiwe picha. Kisha akakiri kwamba mzee yuko sahihi.

Celine aliitwa aje kushusha kazi yake. Alipofika, mzee alikuwa amerudi kuchukua majibu. Alisimama kutoka kwenye benchi akashika upande mmoja wa gunia, ili lisiburute chini Celine alipokuwa aking'oa misumari.

"Sikutaka uondoe, binti yangu," alimwambia. "Nilitaka kujua tu."

Celine akang'oa msumari mwingine.

"Nilikuwa na hasira," akiri sasa. "Nikasema moyoni, mzee wa sukari ndiye wa kunifundisha kuchora? Lakini alikunja magunia yote matano pamoja nami, na magoti yake yanalia kama mlango. Nikaona haya."

Gichuru alikuwa ameamua kununua picha za kuchapishwa. Lydiah, aliyerejea wiki hiyo, alimwombea Celine wiki mbili. Alisema kosa ni lake mwenyewe, kwamba alimpa mtu picha ndogo akaenda zake. Gichuru akakubali wiki mbili, lakini picha za kuchapishwa akazinunua vilevile, akaziegemeza ukutani zikiwa bado kwenye karatasi yake. Kama magunia yangekosea tena, zingepanda siku hiyo hiyo. Na Celine angepanda basi la Yala.

Mzee Jackton anaishi Pipeline, ghorofa ya sita, kwa mwanawe anayetoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Jengo halina lifti. Kwa sababu ya magoti, mzee hushuka siku za sukari tu, ya kupimwa na ya kuchukua majibu.

Celine, aliyemwomba mzee amhesabie nyuzi, alipanda ngazi hizo kila Jumatatu na Jumamosi kwa wiki mbili, magunia yamekunjwa begani. Jumamosi Lydiah naye alipanda, na koti lake jeupe mkobani.

Somo lilifanyika kitandani, kwa njiti za kiberiti. Lydiah alipaka vichwa vinane rangi nne, viwili kwa kila rangi: nyekundu, kijani, buluu, manjano.

"Kabla seli haijagawanyika," Lydiah aliwaeleza, "kila uzi unajitengenezea mwenzake anayefanana naye kabisa. Wanakaa wameshikana kiunoni."

"Kwa hivyo kila behewa lina pacha kabla treni haijaondoka," mzee akasema.

"Eeh. Halafu wanapanga mstari katikati."

"Kwenye stesheni."

"Sawa, baba, kwenye stesheni. Halafu pacha mmoja anavutwa huku, mwingine anavutwa kule."

"Mmoja Kisumu, mmoja Mombasa," mzee akasema, akizisukuma njiti kwa ukucha. "Na kila upande unapata rangi zote nne. Mama Lorraine, umeona? Hakuna anayepunjwa."

"Nimeona, mzee. Sasa hebu ondoa kidole chako kwenye nyekundu, umeichelewesha Mombasa."

Lydiah asema hajawahi kufundisha mgawanyiko wa seli vizuri kuliko siku hiyo, na kwamba nusu yake hakufundisha yeye.

Magunia manne Celine aliyarekebisha kwa kupaka juu. Lile la hatua ya nne halikufaa. Rangi ya mafuta ilikuwa imejikusanya mpaka ikaanza kupasuka, na ndiyo sababu alfajiri hii anachora duara upya. Hatua ya nne ndiyo ya kuvutwa. Seli hurefuka, kwa hiyo anakichora kifuniko mara mbili, kimoja kikimpanda mwenzake, kisha anafuta penseli ya katikati.

Kifuniko cha Phares kina mbonyeo ukingoni. Penseli ikipita hapo, duara linaingia ndani kidogo, kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino. Celine analitazama hilo kwa muda.

"Hili linanitia wasiwasi kuliko nyuzi," asema.

Saa kumi na moja kasoro robo, anafunga kifuniko kwa leso na kutoka. Mlangoni anakuta chupa ya chai na kikombe kimoja. Hakusikia Triza akiviweka. Anakunywa akiwa amesimama, anaosha kikombe, anakirudisha kwenye dirisha la jirani, kisha anashika njia ya Burma kwa miguu.

Kwa Phares, moto umeshawaka. Sufuria imejaa, na juu yake amelaza sinia lisilotosha, limezamia upande mmoja.

"Mama Lorraine! Supu yangu imelala kichwa wazi, itashikwa na homa!"

"Nimekuletea kofia yake."

"Umemaliza kuzaa hizo seli?"

"Leo ni ya mwisho."

Phares anakipokea kifuniko, anakigeuza, anakifuta kwa kitambaa ingawa kiko safi. Kisha anamjazia kikombe cha supu na kukataa pesa kwa kutazama kando, kana kwamba amemwona mtu barabarani.

Siku ya kutundika ni Ijumaa. Kliniki inafunguliwa saa mbili, na Gichuru ametoa saa moja kabla ya hapo. Yuko pale tayari, funguo mkononi. Picha za kuchapishwa zimeegemea ukuta karibu na choo, zingali kwenye karatasi yake.

Fundi anayatundika magunia matano kwenye misumari midogo ya muda. Yamepakwa rangi zilizobaki kwenye kazi za mafundi wa nyumba: buluu ya geti la mtu, kijani cha duka la dawa, manjano ya baa. Kwa mbali yanaonekana kama mataa. Ukisogea, unaona nywele nyembamba za brashi, na nyuzi nne zikianza safari kutoka gunia la kwanza.

Lydiah anaanza kuhesabu, lakini anaacha. Mlangoni amesimama mzee Jackton, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Leo si siku yake ya sukari. Ameshuka ghorofa sita, akipumzika kwenye kila ngazi, na mara ya mwisho, asema msichana wa mapokezi, alikalia debe la muuza mandazi.

"Baba, si ungeniambia nije kukusaidia," Lydiah anasema.

"Treni haiondoki bila mwenye kuhesabu," anajibu. "Nipe kiti."

Anahesabu kwa sauti ndogo, kidole hewani. Gunia la kwanza, nyuzi nne. La pili, nne, kila moja na pacha wake. La tatu, nne zimepanga mstari. Gichuru anatazama saa. Celine amejibana ukutani, mikono nyuma, kama mtoto wa chekechea.

Katika gunia la nne kidole cha mzee kinasimama. Anarudi mwanzo. Anahesabu tena.

"Huku nne," anasema. "Huku tatu."

Gichuru anageuza kichwa kuelekea picha zilizo karibu na choo.

Mzee anainuka. Anasogea mpaka pua yake inakaribia gunia, anavua miwani, anaivaa tena. Kisha anagusa mahali pamoja kwa ncha ya ukucha.

"Ya manjano hii hapa. Imejificha nyuma ya kijani." Anarudi kitini taratibu. "Nne na nne."

Gunia la tano halimchukui muda. Seli mbili changa, kila moja na nyekundu yake, kijani chake, buluu yake, manjano yake.

"Zimefika zote," anasema.

Celine bado hatoki ukutani. Anaonyesha lile duara lenye mbonyeo. Anaeleza kwa haraka kuhusu kifuniko, kuhusu supu, kwamba anaweza kulirekebisha, kwamba akipewa siku mbili tu.

Lydiah anacheka mpaka anashika tumbo.

"Mama Lorraine, miaka tisa naangalia seli. Sijaona hata moja iliyo duara kama sahani. Hiyo yenye mbonyeo ndiyo inayofanana na seli kuliko zote."

Gichuru si mtu wa maneno mengi. Anayazunguka magunia yote matano, anasimama mbele ya la nne, anainamisha kichwa huku na huku. Anatafuta ile ya manjano. Inamchukua muda, lakini anaipata, na uso wake unafunguka kidogo.

"Fundi," anasema, "weka misumari mikubwa."

Picha za kuchapishwa zinakwenda ofisini kwake. Ana kliniki nyingine mbili, moja Kayole na moja Donholm, na anasema atafikiria kuziagizia magunia baada ya kuona watu wanavyoyapokea haya. Hiyo si ahadi, na Celine haichukui kama ahadi. Hata hivyo, masanduku aliyokuwa amekusanya amemrudishia mwenye duka asubuhi ya jana, kabla hajajua majibu. Kwa kaka yake wa Yala ameomba kitu kimoja tu: punje za mahindi zilizoanza kuota. Lydiah amemwahidi kumwonyesha kwa hadubini ncha ya mzizi, mahali ambapo seli hugawanyika mchana kutwa, na Celine anataka kuichora kwa ajili ya shule za sekondari.

"Safari hii nitauliza kwanza," asema. "Hata nikijua, nitauliza."

Saa mbili mlango unafunguliwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anaketi, anatazama viatu vyake, kisha anainua macho. Midomo yake inaanza kucheza. Anahesabu.

Celine anamshika mzee Jackton mkono, wanaelekea nyumbani kwake, ngazi moja kwa wakati. Kwenye ghorofa ya nne wanakaa chini wote wawili.

"Kazi imeisha, mzee," Celine anasema. "Asante."

Mzee anapapasa mfukoni, anatoa kiberiti, anakitikisa. Zile njiti nane zenye rangi zimo bado.

"Kesho Jumamosi uje," anasema.

"Kuna kosa lingine umeliona?"

"Hakuna kosa." Anakirudisha kiberiti mfukoni. "Uje tu."